Mnaokuja Hamburg, Ujerumani, kikazi kwa miezi sita, someni kabla ya kupanda ndege

Kundi jipya limefika kutoka Dar, na maswali ni yale yale ya kundi lililopita. Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Anmeldung, yaani usajili wa makazi. Kwa mkataba wa miezi sita unatakiwa kusajili makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Miadi hugombaniwa, ikamateni mkiwa bado nyumbani. Mwenye nyumba lazima akujazie fomu ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Asiyetaka kuijaza, usimpe hata senti ya kodi ya pango.

2. Jina kwenye sanduku la barua. Ghorofa nyingi za huku hazina namba za milango, mtu wa posta anatafuta jina la ukoo. Mdogo wetu mmoja alipanga chumba ambacho sanduku lake lilikuwa na jina la mwenye nyumba tu. Akaona haya kuomba lake liongezwe. Namba ya mlipakodi, ile ya tarakimu 11, hutumwa kwa barua baada ya usajili. Barua ikaja, ikakosa mwenyewe, ikarudi. Bila namba hiyo mwajiri alimkata kodi ya mapato kwa daraja la sita, lenye makato makubwa kuliko yote. Mshahara wa kwanza ulipoingia akadhani ndiyo Ulaya yenyewe. Wa pili vilevile. Akawa anakwenda kazini kwa miguu kutoka Altona, mchana anasema ameshiba, na mama yake akimuuliza hela ya ada ya mdogo wake anajibu, "Inakuja, mama, vumilia." Tulikaa naye meza moja muda wote huo na hakutamka neno. Dada wa mishahara alikuwa ghorofa ya juu yetu, mlango wazi! Siku aliyosema, ni kwa kuwa alikwama nauli. Jina likabandikwa, namba ikaombwa upya, makato yakarekebishwa na hela yake ikarudi. Ada, lakini, mama alikuwa ameshaikopea kwa riba.

Hili bado linaniuma, kwa sababu kijana yule hakuwa mzembe. Alilelewa asimsumbue mkubwa. Mkuu wa idara wa huku hatakuita pembeni kukuuliza kama umekula. Ukikaa kimya kikaoni anaandika kwamba umeelewa na umekubali. Basi ulizeni. Msipoelewa, semeni hapo hapo, mbele ya watu wote, wala hakuna atakayewaona hamna adabu.

3. Dini. Mtaulizwa mkijisajili. Mlutheri wa KKKT anajibu kwa fahari, kisha anakuta kodi ya kanisa kwenye hati ya mshahara: Hamburg ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Mkatoliki naye hivyo hivyo. Ni sheria, hakuna aliyeibiwa. Simshauri mtu aikane imani yake, nataka tu apange bajeti akijua.

4. Madogo madogo. Jumapili maduka yamefungwa, nunueni chakula Jumamosi. Chupa za plastiki zenye alama ya amana zirudisheni dukani, mtarudishiwa senti 25 kwa kila moja. Siku yako ya kuzaliwa, keki unaleta wewe. Majira ya baridi Dar inatangulia kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja. Saa za huku hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo kagueni mialiko ya vikao. Kila Machi kuna mtu anawaacha wenzetu wa Dar wakikodolea skrini tupu.

5. Mkiondoka, futeni usajili: mlango unafunguliwa wiki moja kabla ya kuhama na kufungwa wiki mbili baada yake. Aliyekatwa kodi kupita kiasi ajaze ritani. Anayeijaza kwa hiari ana miaka minne ya kudai, hata akiwa amesharudi Dar. Fomu ni za Kijerumani kitupu, nitakaa na yeyote anayezihitaji.