Ruzuku Ikiisha, Kozi Huria Itaendeleaje?

SWALI: Mimi ni mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu. Tulipata ruzuku ya kuandaa kozi huria ya mtandaoni yenye moduli 12. Fedha zinaisha Desemba, na moduli mbili tu ndizo zimekamilika. Je, tutafute mfadhili mwingine au tuipunguze kozi?

JIBU: Ndugu mkufunzi, nisingeanza na mfadhili. Utah State University ya Marekani ilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kuweka masomo yake wazi kwa umma, lakini mradi huo ulisimama mwaka 2009 fedha zilipokwisha. Hata MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts chenye uwezo mkubwa zaidi, ilianza mwaka 2002 na masomo 50 ya majaribio, na mengi ya yaliyofuata yalikuwa muhtasari wa mihadhara, mazoezi na mitihani, wala si video.

Kwa moduli 10 zilizobaki, wekeni kwanza kile mnachokifundishia tayari: notisi, mazoezi na majibu yake. Muhula unaofuata, angalieni ni zoezi lipi linawakwamisha wanachuo wengi, kisha hilo ndilo mliongezee jaribio la kujisahihisha ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Video ije mwisho, tena iwe fupi, maana ndiyo ngumu kurekebisha na ndiyo inayomaliza bando la mwanachuo.

Niliwahi kuletewa moduli ya hesabu za sehemu yenye mchoro wa chapati iliyokatwa vipande vinne, na maneno "Darasa la Nne" yakiwa yamechorwa ndani ya picha. Mtaala ulipobadilika, faili la awali lilikuwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha hama, nasi tukashinda kutwa nzima tukichora chapati. Kwa hiyo kila PDF iambatane na faili linaloharirika, na yote yakae kwenye akaunti ya chuo, si ya mtu binafsi.

Kuhusu leseni, chagueni CC BY au CC BY-SA, leseni za Creative Commons zinazowaruhusu wengine kuitumia na kuirekebisha kozi yenu mradi wawataje; ya pili inawataka pia watoe toleo lao kwa leseni hiyohiyo. Zile zenye herufi ND (yaani kazi isibadilishwe) hazimruhusu mwenzenu wa chuo kingine kusambaza toleo alilolirekebisha, hata kama alichosahihisha ni kosa lenu.

Fedha zilizosalia nisingezitumia kurekodi moduli ya tatu. Ningezitumia kukagua haki za picha katika moduli mbili zilizopo na kuwafundisha wakufunzi wawili zaidi kuihariri kozi wenyewe, huku nikimwomba mkuu wa taaluma auhesabu uhariri huo katika mgawanyo wa vipindi vya idara.