Nusu lita ya asali si nusu kilo

Mtu akiniambia keki yake ya asali inaungua juu kabla haijaiva ndani, kabla ya kuuliza habari ya makaa namuuliza: asali uliipimaje? Hapa Tabora tunainunua kwa chupa, lita au nusu lita, iwe imetoka Sikonge au Urambo. Resipi inasema gramu 250, naye anamimina robo lita akiamini ni kitu kilekile. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo robo lita ni karibu gramu 350. Hizo gramu 100 za ziada zinatosha kuharibu keki, maana asali hugeuka rangi upesi kwenye moto na inaongeza majimaji kwenye mchanganyiko. Mafuta ya kula ni kinyume chake: lita yake haifiki kilo, ni gramu 920 hivi. Maji ndiyo pekee unayoweza kuyahesabu bila wasiwasi, mililita moja gramu moja, na maziwa yanakaribia sana hapo.

Ukishalielewa hilo, vikombe navyo havitakusumbua. Kikombe cha resipi za Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250. Kikombe chako cha chai hakijulikani mpaka ukipime. Nunua maji ya chupa ya mililita 500, yamimine humo: yakijaza mara mbili kamili, umepata 250. Mimi nina bilauri moja ya kioo niliyoitia alama kwa njia hiyo, na haitumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Kwa kikombe cha mililita 240, sukari ya kawaida ni gramu 200, siagi 225, sukari ya unga 120, asali 340. Andika kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati.

Unga wa ngano unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu unabadilika kulingana na mkono wako. Nikiujaza kikombe kwa kijiko polepole, kisha nikasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, napata gramu 120 hadi 125. Nikichota moja kwa moja kwenye mfuko na kushindilia kidogo, kikombe hichohicho kinafika 150. Kwa keki ya vikombe vitatu, tofauti ni gramu 75 hadi 90, na hapo ndipo keki inapokuwa kavu na kupasuka. Ndiyo maana nasisitiza sana: unga upimwe kwa uzito.

Huna mizani? Mwenye duka wa mtaani anayo. Unapomwambia akupimie robo, umeshapata gramu 250 bila kuhesabu chochote. Ukifanya keki ndogo ya nyumbani, nunua robo ya unga na robo ya sukari siku hiyohiyo na utumie vyote. Lakini kama unapokea oda za harusi au kipaimara, tafadhali nunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Unaweka bakuli, unabonyeza, unamimina asali. Hakuna kikombe kinachobaki na asali imeganda ubavuni.

Hamira, beking pauda na chumvi viache kwenye vijiko. Mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri gramu tatu au nne. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha chakula 15, na hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai ni gramu 3 hivi.

Kuna jambo ambalo resipi za nje hazilitaji kabisa, nalo ni yai la kienyeji. Zikisema mayai manne, zina maana ya mayai makubwa yenye gramu 50 hivi kila moja bila ganda, yaani 200 kwa jumla. Ya kuku wetu mara nyingi ni madogo kuliko hayo. Vunja moja moja kwenye bakuli lililo juu ya mizani mpaka ufike 200; huenda ukahitaji matano. La mwisho likizidisha, lipige kwanza kwenye kikombe, kisha umimine kidogokidogo mpaka namba itimie.