Anaficha Dagaa Chini ya Godoro, Akikatazwa Anavunja Vyombo

SWALI: Tulimuasili mtoto wetu akiwa na miaka 6, sasa ana 7. Anaficha ugali na dagaa chini ya godoro, anadokoa hela, na akikatazwa jambo anavunja vyombo na kumpiga mdogo wake. Wifi anasema tumchape, jirani anasema ni pepo. Tushike lipi?
Mama mlezi, Nyakato, Mwanza

JIBU: Mama, anzeni na chakula. Mtoto aliyezoea kula kwa kugombania haamini kwamba kesho kutapikwa. Mpeni kopo lenye mfuniko liwe lake: karanga, ndizi, muhogo wa kuchemsha. Lijazeni kila jioni akiona. Siku za mwanzo huenda akalimaliza kwa mkupuo, msilipunguze. Godoro lisafisheni asipokuwepo, bila hotuba. Wengi hukimbilia kufunga jiko kwa kufuli, na udokozi unazidi. Hela nazo zisiachwe mezani.

Hasira ikipanda, mtoeni kwanza mdogo wake, kisha visu na jiko la moto. Mtu mzima mmoja tu abaki, aketi chini hatua chache kutoka kwake, aseme kwa sauti ndogo: “Nipo hapa, uko salama.” Basi. Msimuulize “kwa nini?” maana wakati ule hana jibu, na maneno mengi yanachochea. Akishatulia, akanywa maji, akala kidogo, ndipo mzungumze. Sahani aliyovunja afagie vipande pamoja nanyi. Kiboko kinamthibitishia kwamba wakubwa ni wa kuogopwa. Kibaya kuliko kiboko ni kumtishia “tutakurudisha kituo cha watoto.” Hilo lisitamkwe hata kwa utani, na wifi aambiwe.

Kuhusu pepo, maombi hatuyakatazi. Tunakataza kumlazimisha mtoto kufunga kula, kumfunga kamba au kumwachisha dawa.

Kwa wiki mbili, kila anapopandwa na hasira, andikeni kwenye daftari: saa, kilichotangulia, ilidumu muda gani, alilala vipi. Nendeni nalo kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Bugando kwa mfano. Kama anakodoa macho bila kuitika, au hakumbuki kabisa kilichotokea, semeni mapema, kwani kifafa lazima kichunguzwe. Akikojoa kitandani, apimwe mkojo, asiadhibiwe. Msitegemee dawa ya “kupoza hasira”: dawa hutolewa kwa ugonjwa uliobainika. Afisa ustawi wa jamii awaulizie kituoni mtoto alipokelewa na umri gani na alihamishwa mara ngapi. Daktari atayahitaji hayo.

Akisema anataka kufa, au akimkaba mdogo wake shingo, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na sumu ya panya na dawa za shambani ziondoke nyumbani. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

SWALI: Binti yetu wa kuasili, miaka 4, tukiwa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, anamshika mkono mgeni yeyote na kutaka kuondoka naye. Majirani wanamsifu kwa uchangamfu.
Baba, Igoma

JIBU: Baba, huo si uchangamfu. Mtoto aliyepita mikononi mwa walezi wengi huweza kushindwa kutofautisha mzazi na mpita njia. Kwa miezi kadhaa, kumlisha, kumwogesha, kumbeba na kumbembeleza akilia iwe kazi yenu wawili tu. Bibi na shangazi wamsalimie kwa mkono, kisha wamrudishe kwenu, hata kama watanuna. Mwaloni asiende bila kushikwa mkono.