Kabla ya blokicheni, ijueni laini

Vijana wengi wanaoanza masomo ya mitandao hapa Tunguu hunijia na wazo moja la mradi: kampuni ya simu isithibitishe wateja kwa seva yake peke yake, blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, ifanye kazi hiyo. Wazo ni zuri. Lakini ukiwauliza laini inathibitishwaje leo, wengi hunyamaza. Anzeni hapo.

Ndani ya laini mna ufunguo wa siri, na nakala yake anayo kampuni. Ukiwasha simu pale Darajani, mtandao unakutumia namba ya kubahatisha. Laini inaichanganya na ufunguo, inarudisha jibu, na ufunguo wenyewe hautoki. Katika 2G simu haikuwa na njia ya kuuhakiki mtandao, ndiyo maana mnara bandia uliweza kuihadaa. 3G ikaliziba pengo hilo. Chukueni karatasi mchore kila ujumbe na mshale wake, mtaona wenyewe ni wapi kampuni moja imeachiwa kila kitu.

Sasa, ufunguo huo wa siri haufai kuwekwa kwenye daftari linalosomwa na wengi. Itabidi mtumie jozi ya funguo: wa siri, wa kujithibitishia, ubaki kwenye simu; wa umma, wa kuhakikia jibu, uingie kwenye blokicheni. Majina, namba za vitambulisho na alama za vidole zisiingie humo abadan, kwa sababu kilichoandikwa humo hakifutiki.

Halafu kuna kasi. Bloku, yaani fungu jipya la maandishi kwenye blokicheni, huchukua kama dakika 10 katika Bitcoin na kama sekunde 12 katika Ethereum, na mtu anayetaka kupiga simu hawezi kungoja hivyo. Kwa hiyo andikeni kwenye blokicheni wakati wa kusajili ufunguo na kuubatilisha tu, na uthibitishaji usome nakala iliyo karibu.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na ndipo ningependa mkae sana. Nodi ya Wete, yaani kompyuta ya huko yenye nakala ya blokicheni, ikikatika na Unguja, itaendelea kuhudumia watu kwa nakala yake, na hiyo ni faida kubwa kwa Pemba. Ila simu iliyoibiwa Mjini asubuhi na ufunguo wake kubatilishwa, Wete itakubaliwa mchana, kwa kuwa habari haijafika huko. Amueni nakala iaminiwe kwa muda gani, na mseme kwa nini.

Na bibi wa Micheweni aliyepoteza simu pamoja na ufunguo wake? Leo huenda kwa wakala, akaweka kidole, akapewa laini mpya. Kwenye mfumo wenu nani atamrudishia? Mkija ofisini kwangu na mradi, nitaanza kuuliza hilo.