Mama kaibiwa WhatsApp, ukoo unataka kumnyang'anya simu

SWALI: Anti shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, yupo Moshi, mimi nipo Dar. Jumamosi kapata meseji WhatsApp kutoka kwa mama mwenzie wa kwaya, eti "nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirudishie mpenzi, ni za kuingilia grupu jipya". Mama akamtumia. Hazijapita dakika kumi WhatsApp yake ikajitoa yenyewe, mara kwenye grupu la kamati ya harusi ya mdogo wangu "mama" anaandika kakwama hospitali, anaomba hela kwa namba nyingine. Baba mdogo akatuma laki mbili fasta. Sasa kaka zangu wamekaa wakaamua simu ya mama iuzwe anunuliwe kiswaswadu, simu ndogo ya batani. Mama haongei na mtu tangu juzi. Tufanyeje, na WhatsApp yake tunaipataje? – Binti wa Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe mama pole yangu. Halafu hao kaka zako waulize swali moja tu, laki mbili katuma nani? Si baba mdogo? Mbona yeye simu anayo mpaka leo? Mama katoa namba, baba mdogo katoa hela bila hata kupiga simu kuuliza mgonjwa kalazwa wodi gani, lakini kesi yote kaangushiwa mama kwa sababu ni mtu mzima na simu "haijui". Hapo mmemuonea.

Na huyo mama wa kwaya msimlaumu pia, kuna uwezekano mkubwa hakuandika yeye, aliibiwa kabla. Mwizi akishaingia kwa mmoja anashuka na majina yaliyopo humo, mmoja mmoja, ndo maana meseji inakuja na jina unalolijua na picha unayoijua. Yeye anachukua namba ya mama anaiandika kwenye simu yake, WhatsApp inatuma zile tarakimu sita kwa SMS kwenye laini ya mama, akizipata tu kashaingia. Hana utaalamu wowote huyo wa kompyuta, anajua tu kuomba kwa adabu.

Kurudisha fanyeni hivi, leo leo. Fungueni WhatsApp kwenye simu ya mama, wekeni namba yake, ombeni tarakimu sita mpya kwa SMS, zikija ziwekeni. Hapo hapo mwizi anatolewa. Ikiwadai na PIN ambayo mama hakuwahi kuweka basi jamaa kaiweka yeye, itabidi msubiri siku 7 ndo muingie, ila msiogope, kwa zile siku 7 na yeye yupo nje. Msibonyeze bonyeze kuomba tarakimu mara kumi, mtaongezewa muda wa kusubiri. Meseji za zamani za mama zilikuwa kwenye simu yake, mwizi kwa njia hii hakuzipata, kaona magrupu na zilizoingia baada ya yeye kuingia. Nyie kwa sasa pigeni simu za kawaida kwa watu, hasa kwaya nzima.

Mkishaingia angalieni vifaa vilivyounganishwa, kifaa msichokijua toeni. Kisha nendeni Mipangilio, kwenye Akaunti washeni uthibitishaji wa hatua mbili, mama achague PIN mwenyewe (isiwe mwaka wa kuzaliwa jamani) na muweke imeili ambayo kweli mnaweza kuifungua. Hii ingekuwepo Jumamosi, zile tarakimu sita peke yake zisingemtosha mwizi.

Hela ya baba mdogo: apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, sasa hivi na namba ya muamala mkononi, kama haijatolewa huwa inaweza kuzuiliwa. Baada ya siku kadhaa hivi sitakudanganya, nafasi ni ndogo. Bado aende polisi akachukue RB, namba ya taarifa yake.

Kamati nayo ijipange, michango iende namba moja iliyotajwa kwenye kikao, na ikibadilika itangazwe kwenye kikao, si kwenye grupu. Na yeyote "aliyekwama hospitali" anapigiwa, tena kwa laini ya kawaida.

Kiswaswadu hakitawasaidia. Zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwa namba hii" mbona zinaingia hata kwenye viswaswadu? Mama mwachieni simu yake, anaitumia kuwaona wajukuu.

SWALI: Anti, hao wa "ile hela tuma kwa namba hii" mi huwa nawajibu matusi, roho inatulia. Kuna ubaya? – Mzee wa Mbagala

JIBU: Ukijibu umemwambia laini yako ipo hai na mwenyewe anasoma, basi anakuweka kwenye orodha. Isambaze hiyo meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba iliyoituma. Ukimaliza piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana unaweza ukakuta namba usiyoijua ina jina lako, na hiyo ndo inayotukanwa na wenzio huko Tandika. Ukiikuta nenda duka la mtandao husika wakaifute.