Muulize Fundi: Mota inajua nini kuhusu daraja?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasomea uhandisi wa mitambo hapa Nakuru. Tumepewa kazi kuhusu madaraja yanayoinuka kupisha meli, na jinsi vihisi, yaani vifaa vinavyopima hali ya mashine, vinavyoongoza matengenezo yake. Kama mafundi hutia grisi kwa ratiba na kukagua kila mwaka, vihisi vinaongeza nini? Na pesa zikiwa haba, nianze na kipi? (Mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na kipimo cha umeme unaoingia kwenye mota.

Bawa la daraja, yaani kile kipande kinachoinuka, huwekewa uzito upande wa nyuma ili lisawazike. Kila bawa la Tower Bridge ya London, iliyofunguliwa mwaka 1894, lina zaidi ya tani 1,000, lakini mashine hailibebi tani hizo. Inashinda tu msuguano, upepo na ile nguvu ya kuling'oa pale lilipotulia. Kwa hiyo mota ikianza kula umeme zaidi ya ilivyozoea, kuna jambo.

Jambo gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Linganisha kufungua na kufunga. Beringi kavu hukaza pande zote mbili, kwa hiyo umeme hupanda unapoinua na unapoteremsha. Lakini bawa likiwa limezidiwa uzito, labda kwa rangi mpya iliyopakwa juu ya ile ya zamani au lami iliyoongezwa, kuinua huwa kugumu na kuteremsha huwa kwepesi. Umeme ukiruka daima kwenye pembe ileile, kagua meno ya gia ya mahali hapo. Ratiba ya grisi haiwezi kukwambia hayo.

Niliwahi kutunza winchi kwenye gati moja ya ziwani. Kwa wiki kadhaa niliandika ampea za mota yake, yaani kiasi cha umeme inachovuta, kwenye daftari, zikipanda kidogo kidogo. Nikaambiwa, "Si bado inavuta?" Ilivuta mpaka asubuhi beringi ilipokwama, mzigo ukaning'inia hewani na vijana wakiwa chini yake. Hakuna aliyeumia, lakini bado naiona ile kamba.

Baada ya hapo, bandika vipimo vya mkazo kwenye shafti za kuendeshea bawa; vinaonyesha kama shafti ya kushoto na ya kulia zinagawana kazi sawasawa. Vihisi vya mtikisiko viweke kwenye mota na giaboksi. Kwenye beringi kuu zinazobeba bawa usivitegemee sana, kwa maana beringi hizo hazikamilishi hata robo ya mzunguko, tena polepole.

Andika pia joto na upepo wa kila mara. Julai 2024 daraja la Third Avenue huko New York lilikwama likiwa wazi kwa sababu chuma kilitanuka kwa joto, ikabidi boti zilimwagie maji. Namba isiyo na hali ya hewa pembeni yake itakudanganya.

Nyufa na kutu bado utazitafuta kwa tochi.

Ukipata nauli, njoo Kisumu uombe ruhusa bandarini utazame mabehewa ya treni yanavyoingia MV Uhuru, meli inayoyavusha Ziwa Victoria. Yanapita kwenye daraja fupi la reli ambalo upande wake wa majini hupanda na kushuka kufuata ziwa na meli. Beba daftari, na kabla ya kuuliza lolote kuhusu vihisi, muulize anayeliendesha husikia nini siku likiwa zito.