Muulize Fundi: Nahodha Aliyebaki na Chombo

Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu tu kwamba usiku, barazani kwetu Kikwajuni, tunaangalia Firefly, ile tamthilia ya Kimarekani ya makauboi wa anga za juu, na kwamba sehemu ya nane, "Out of Gas", ilitunyamazisha watu wazima. Nilitegemea maswali ya friji na pampu za kisima kama kawaida. Nimeletewa barua 17 za nahodha. Friji zingojee.

Kwa ambaye hakuiona: chombo cha mizigo kiitwacho Serenity kipo mbali na kila mtu. Mabaharia wako mezani, daktari wao ametengenezewa keki ya siku ya kuzaliwa, mara chumba cha mashine kinalipuka. Nahodha Malcolm Reynolds anauzima moto kwa kufungua mlango mkubwa wa nje. Hewa inatoka na moto unatoka nayo. Lakini kifaa kimoja cha mashine kimekufa, na mtambo wa kuleta hewa nao umekufa. Imebaki pumzi ya saa chache. Anawagawa wenzake wanane kwenye mashua mbili ndogo, moja huku na moja kule, yeye anabaki peke yake. Kinapita chombo kingine, wenyewe wanakubali kumpa kifaa, kisha wanampiga risasi ya tumbo. Anawafukuza kwa bastola, anabakia na kifaa, na anajikokota damu zikimtoka mpaka anakifunga.

*Fundi, mume wangu anasema gesi iliyokwisha ni ya kupikia. Mimi nasema petroli. Watoto wanasema ni hewa. Tumebishana mpaka chai imepoa. — Mama wa Wete*

Wanao wameshinda, mama, ila wewe umekaribia. Wamarekani petroli huiita gesi, na jina la sehemu ile ni msemo wao wa gari iliyozimika njiani. Humo ndani lakini kilichokwisha ni pumzi. Mumeo usimcheke sana. Mtungi ukiisha saa kumi na moja jioni ya Ramadhani, nao ni msiba.

*Chombo kikipita nje, sauti ya televisheni yangu inakatika. Wakirudi kuonesha watu ndani, sauti inarudi. Nimempelekea fundi mmoja, kanitoza elfu kumi na tano, kasema spika. — Msomaji, Jang'ombe*

Spika yako nzima, na pesa zako ndiyo zimekwenda. Sauti haisafiri bila ya kitu cha kuipanda: hewa, maji, ubao, ukuta wa jirani. Huko juu hakuna hewa, kwa hiyo hakuna mngurumo, na watengenezaji wa Firefly waliamua kuifuata kweli hiyo. Tamthilia nyingi za anga hupiga kelele kama basi la daladala lililotoboka ekzosi, ndiyo maana ukimya umekushtua. Kamdai yule bwana, ingawa sikupi matumaini.

*Nahodha anakufa, mara anacheka mezani, mara ananunua chombo. Flashi yangu imeharibika? — J., Mwera*

Haijaharibika. Zimesukwa nyakati tatu: sasa, saa chache nyuma, na miaka nyuma alipokuwa akikusanya watu wake. Mpe mzee yeyote wa Forodhani kikombe cha kahawa umwambie akusimulie safari, utaona hataanza bandarini. Ukitaka alama, mtazame rubani. Akiwa na masharubu, hiyo ni zamani.

*Mzee Fundi, nashikamoo. Yule ndiye mwanamme. Amewatoa watu wote, yeye kabaki na chombo. Barazani kwetu tumempa ushujaa kwa kauli moja. Wewe umekula chumvi ya bahari, unasemaje? — Kijana wa Mkoani*

Marahaba, mwanangu. Mwanamme ndiye, simkatalii. Lakini barua 12 kati ya hizi 17 zimeandika "shujaa", na mimi neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Rudi sehemu ya kwanza. Kaylee, yule msichana fundi wa mashine, anamwambia nahodha kwamba angependa apate kifaa kipya. Nahodha anamjibu kwa mzaha, kwamba yeye naye angependa kuwa mfalme. Msichana anarudia bila ya kucheka: kikifa, tutaelea. Jibu analopewa ni kwamba basi, bora kisife. Ukifika sehemu ya nane, kilichokufa ni kipande cha kifaa kilekile.

Kuna kisa hapa ambacho kinanifurahisha kuliko tamthilia yenyewe. Mwaka 2002 kituo cha Fox cha Marekani hakikutaka kuanza na sehemu ya kwanza. Kikaanza na ya pili, Septemba 20. "Out of Gas" ikarushwa Oktoba 25, ikawa ya tano kuonekana. Ile yenye onyo la Kaylee ikaja Desemba 20, tamthilia ikiwa imeshafutwa. Kwa hiyo Wamarekani walikiona chombo kinaharibika karibu miezi miwili kabla ya kumsikia fundi akionya. Kwao wao ilikuwa ajali tu, amri ya Mungu. Sisi tulioipata kwa mpango walioutaka watungaji, ule uliotoka kwenye diski Desemba 2003, hatuna kisingizio. Onyo tumelisikia.

Na mimi nimelisikia kwa sikio la peke yake, maana nimekuwa Kaylee kwa miaka 19, bila ya uzuri wake.

Tulitoka Mkoani alfajiri, msimu wa kusi, tumepakia ndizi, muhogo na mbuzi 11, na abiria ambao idadi yao ilitegemea umemuuliza nani. Mashine ya dizeli. Sasa, ndani ya pampu ya maji ya bahari mna impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi, ambacho ndicho kinachovuta maji ya kuipoza mashine. Inaenea kiganjani. Nilimwambia mwenye chombo, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wetu, kwamba mapezi yameanza kukatika. Mara ya kwanza alisema baada ya safari hii. Mara ya pili alisema baada ya Idi. Mara ya tatu alinipa pesa ya soda.

Mnara wa Nungwi hatujauona bado, mashine ikachemka. Niliizima kabla haijanasa. Mkondo wa pale kila siku unakwenda kaskazini, na kusi ikiusukuma ndiyo hauna mchezo, basi tukawa tunakwenda Mombasa bila ya kuaga. Saa saba. Mbuzi walilia mpaka wakachoka, kisha watoto wakapokea. Ikatutokea mashua ya wavuvi wa Nungwi, wakaturushia kamba, wakatuvuta mpaka kwao. Pesa hawakutaka. Tukawapa mbuzi, wakamkataa mara mbili, mara ya tatu wakampokea kwa kutuonea haya.

Nahodha wetu alishuka wa mwisho. Nungwi nzima ilimwona, na wiki mbili barazani kila mtu anamsifu: kashuka wa mwisho, kashuka wa mwisho. Kweli alishuka wa mwisho. Wa pili kutoka mwisho nilikuwa mimi, niliyeijua impela ile pezi moja moja, na alfajiri ile nikapanda kwa miguu yangu na kuwasha mashine bila ya kusema neno mbele ya abiria. Hilo halikusimuliwa pahala popote mpaka leo unapolisoma.

Basi Reynolds nikimtazama pale, peke yake, baridi imemuingia, naona mtu anayelipa deni. Kwa hilo namheshimu kuliko yule wangu: analipa kwa mwili wake mwenyewe na hakuna baraza linalomtazama. Ushujaa kamtafutie Kaylee, aliyesema mara mbili.

*Sheikh Fundi, chombo kikielea huvutwa kwanza, masuala baadaye. Hawa waliompiga risasi mtu aliyeharibikiwa ni watu wa namna gani? — Mvuvi mstaafu, Nungwi*

Mzee wangu, pengine ni wewe uliyeturushia kamba, maana mkono huu wa barua ni wa mtu anayejua mafundo.

Hapo ndipo unapoingia ukauboi. Hadithi ni ya mwaka 2517. Vita vimekwisha, serikali kubwa imeshinda, na Reynolds alikuwa upande ulioshindwa. Mtungaji, Joss Whedon, wazo alilipata baada ya kusoma riwaya ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akajiuliza juu ya walioshindwa: walikwenda wapi? Walikwenda pembezoni, kwenye farasi na vumbi, ambako mkono wa serikali haufiki. Filamu za kikauboi tulizozijazia sinema ya Majestic pale Vuga zilikuwa na pembezoni hiyohiyo.

Lakini suala lako limenishinda kidogo. Bahari yetu nayo ni pembezoni, polisi hawapo, na kamba ilirushwa. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 umeandika kwamba nahodha ana wajibu wa kumsaidia aliye hatarini, ila sidhani kama nyinyi mliusoma kabla ya kuturushia. Na tazama, nahodha wa kile chombo kingine hakumwambia Reynolds kuwa ni adui. Alizungumza kama mfanyabiashara, bei na mali, mpaka risasi. Hilo ndilo lililotutisha barazani.

*Niliinuka walipofika kuwagawa watu kwenye mashua. Sisi tuliondokewa na watu wetu Septemba 2011, meli ya Pemba ilipozama karibu na Nungwi. Wenzangu wamenicheka, ati ni muvi tu. — Msomaji, Chake Chake*

Dada yangu, aliyekucheka hakuwa na mtu wake majini usiku ule. Si lazima uimalizie.

Ila kama mwisho unakukera kwa kutojulikana, nitakwambia hapa ili usihitaji kuutazama. Hafi mtu. Nahodha aliachiwa kitufe: akifanikiwa kutengeneza, abonyeze, mashua zirudi. Anatengeneza, anajikokota hadi pale, anaanguka kabla ya kukibonyeza. Anapofungua macho wote wako juu yake. Zoe, msaidizi wake, aliyekuwa ameumia kwenye mripuko na amepoteza fahamu, alipozinduka aliamuru warudi. Ya pili nayo ikarudi. Hakuna aliyeitwa. Wanamuomba radhi kwa kuvunja amri, naye anauliza kama akiamka tena watakuwepo, wanamwambia watakuwepo.

*Msimu wa pili unapatikana wapi? — Wasomaji wanne tofauti*

Haupo. Zilitengenezwa sehemu 14, Fox wakarusha 11. Mashabiki, wanaojiita Makoti ya Kahawia kwa vazi la jeshi lililoshindwa, walichangishana wakanunua tangazo kwenye gazeti la Variety kuiombea uhai, wapi! Diski zilipotoka zikauzika, ndipo ikaja filamu moja mwaka 2005. Anayekuuzia msimu wa pili kwenye flashi anakuuzia kitu chengine, na usikifungue mbele ya wakwe.

*Fundi, mimi ni msichana wa miaka 19, nasoma ufundi wa mashine, msichana peke yangu darasani. Wanaume wanafungua injini, mimi napewa ufagio. Nilipomuona Kaylee anavyoajiriwa nilirudisha nyuma mara sita. Je, mtu anaweza kuijua mashine vile, kwa kuiangalia tu? — Msomaji, Mtoni*

Mwanangu, barua yako niliiweka chini ya nyingine zote ili niwe na nafasi, na nafasi imekuwa ndogo.

Namna Kaylee alivyofika chumba cha mashine siku ile sitaisimulia, gazeti hili linaingia majumbani. Lakini ulichokirudisha mara sita nakijua: fundi wa kwanza anasema mashine haitengenezeki, msichana anainuka, anasema kilichoungua ni kile pale, na wala hakina kazi kubwa. Anakichomoa, anaunganisha, mashine inawaka. Nahodha anauliza kajifunza wapi, anasema anafanya tu, baba yake husema ana kipaji.

Hapo wametia sukari. Kipaji kipo, nimewaona vijana wawili watatu wenacho, lakini kila mmoja alikuwa na miaka ya kukaa karibu na mashine inayowaka. Na wewe wamekuweka karibu nayo, hata kama wamekupa ufagio. Fagia taratibu. Wakiiwasha, wao wataangalia geji. Wewe nenda ukatazame maji yanayotoka ubavuni mwa chombo. Yakitoka kwa nguvu na kwa pigo moja, impela nzima. Yakianza kukohoa, pezi limekatika. Yakitoka mvuke mtupu, sema, na sema kwa sauti, hata kama aliyeshika spana ni mwalimu wako. Ukinyamaza utakuja kuandika safu kama hii.

Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo barazani. Njoo na mama yako au kaka yako, nitakupa kifaa changu cha kuchomolea bearingi, mikono yangu haikiwezi tena. Na nitakuonesha ile impela. Nimeiweka kwenye kopo la misumari. Ilikuwa na mapezi sita, yamebaki mawili.